Viza si Hadhi: Mwanafunzi wa Kiswahili na Masharti ya Ukaaji Nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kenya anavyoweza kuidumisha hadhi yake ya kisheria anaposomea nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba viza na hadhi ni vitu viwili tofauti: viza hutolewa ubalozini kabla ya safari, ilhali hadhi hudumishwa kwa vitendo vya kila muhula. Makala yanafafanua istilahi za msingi, yanaeleza masharti ya masomo, taarifa na safari, kisha yanajadili kwa kina mtego unaowahusu wataalamu wa lugha hasa, yaani kazi ya ukalimani na tafsiri. Inapendekezwa kwamba kanuni moja iongoze mwenendo wa mwanafunzi ugenini: ruhusa hutangulia tendo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mujibu wa methali hii, mgeni anayekaa hupata heshima kwa kufanya kazi pamoja na wenyeji wake. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaupindua mtazamo huo. Mwanafunzi wa kigeni anayelishika jembe bila kibali haongezi heshima yake. Anaupoteza uhalali wa kuwa mgeni. Huu ndio mgongano wa kwanza wa kitamaduni unaomkabili kijana wa Kikenya aliyelelewa akiamini kwamba kujituma hakuwezi kuwa kosa.

Safari za Wakenya kwenda kusoma Marekani zina historia ndefu. Mwezi Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mradi ulioongozwa na Tom Mboya iliwapeleka wanafunzi 81. Mamia wengine kutoka Afrika Mashariki walifuata hadi mwaka 1963. Kwa upande wa Kiswahili, vyuo vikuu kama vile Wisconsin-Madison, Indiana na Yale vimekuwa vikikifundisha kwa miaka mingi, na wahitimu wa Kenya wamekuwa wakienda huko kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya mwanafunzi wa shahada, ambaye hupewa hadhi ya F-1 na mara nyingi hulipiwa karo kwa kufundisha lugha. Njia ya pili ni ya mwalimu msaidizi wa lugha chini ya mipango ya ubadilishanaji, mathalani Fulbright FLTA, ambaye hupewa hadhi ya J-1.

Wengi wanaojiandaa kwa safari hizi hutumia miezi wakijifunza namna ya kuipata viza. Ni wachache wanaojiuliza swali la pili: je, baada ya kuingia, ni nini kinachomfanya mwanafunzi aendelee kuwa halali? Makala haya yanalishughulikia swali hilo.

2.0 Funzo la Mwaka 1964

Kabla ya kuzitazama kanuni zenyewe, inafaa kulitalii tukio moja la kihistoria. Barack Obama, baba yake aliyekuja kuwa rais wa 44 wa Marekani, aliwasili Hawaii mwaka 1959. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1962, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Harvard kwa masomo ya uzamifu katika uchumi. Alifaulu mitihani yake na kubakiwa na kazi ya tasnifu. Mwaka 1964 aliomba aongezewe muda wa kukaa. Nyaraka za uhamiaji zilizotolewa kwa umma mwaka 2011 zinaonyesha kwamba maafisa wa chuo na wa uhamiaji waliwasiliana kuhusu maisha yake ya binafsi. Chuo kilimwarifu kuwa hakina fedha za kumfadhili zaidi na kwamba angeweza kuiandika tasnifu yake akiwa Kenya. Ombi lake la kuongezewa muda lilikataliwa, naye akarejea nyumbani mwezi Julai mwaka huo bila shahada ya uzamifu.

Tukio hili linadhihirisha mambo mawili. Kwanza, alama nzuri pekee hazimlindi mwanafunzi. Pili, hadhi ya mwanafunzi haibebwi na yeye peke yake. Inabebwa pia na chuo kilichomdhamini. Chuo kikiondoa mkono, mwanafunzi hubaki hana pa kusimama. Kanuni zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini uhusiano huu wa pande tatu, yaani mwanafunzi, chuo na serikali, ungali ndio msingi wa kila jambo litakaloelezwa hapa chini.

3.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika mazungumzo ya Wakenya walioko ughaibuni, neno 'makaratasi' hutumika kujumlisha kila kitu: viza, fomu, vibali na hata uraia. Matumizi haya yanafaa mazungumzo ya kawaida, lakini yanaficha tofauti ambazo sheria inazitilia maanani. Mtu anaweza kusema kwamba makaratasi yake yako sawa kwa kuwa viza iliyobandikwa katika pasipoti haijaisha muda, kumbe hadhi yake ilipotea muhula uliopita. Kinyume chake pia ni kweli: mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha muda anaweza kuwa halali kabisa maadamu yuko ndani ya nchi na anatimiza masharti. Kwa hivyo, istilahi zifuatazo zinahitaji kutofautishwa.

Viza ni idhini ya kufika mlangoni na kuomba kuingia. Hutolewa na afisa wa ubalozi. Haisemi mtu akae hadi lini.

I-94 ni kumbukumbu ya kuingia. Huandikwa na afisa wa mpakani, na kwa wasafiri wa ndege imehifadhiwa kielektroniki tangu mwaka 2013. Hii ndiyo inayoonyesha muda wa ukaaji. Kwa miongo kadhaa, wanafunzi waliandikiwa herufi D/S badala ya tarehe, maana yake wakae kwa muda wote ambao wanaidumisha hadhi yao. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichapisha pendekezo la kuziondoa herufi hizo na kuweka tarehe maalumu isiyozidi miaka 4. Kwa sababu hiyo, kila mwanafunzi anapaswa kuisoma I-94 yake mwenyewe kila anapoingia, wala asitegemee yale aliyosimuliwa na waliomtangulia.

I-20 ni fomu inayotolewa na chuo kwa mwanafunzi wa F-1. Hutaja kozi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, gharama na chanzo cha fedha. Mwenzake wa J-1 hupewa DS-2019.

SEVIS ni hifadhidata ya serikali iliyoanza kutumika mwaka 2003. Vyuo huingiza humo taarifa za kila mwanafunzi wa kigeni: amejisajili au la, anaishi wapi, anasoma kozi ngapi. Anayeingiza taarifa hizo ni afisa mteule wa chuo, aliye katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Hadhi, basi, ni hali ya mtu kuwa anatimiza masharti ya kundi alilokubaliwa kuingia nalo. Viza ni nomino inayoweza kubandikwa katika pasipoti. Hadhi inakaribia zaidi kuwa kitenzi: ipo kwa kadiri inavyotendwa.

4.0 Nguzo za Hadhi ya F-1

4.1 Masomo

Sharti la kwanza ni kusoma kwa muda kamili. Kwa shahada ya kwanza, hii ni angalau krediti 12 kwa muhula. Kwa uzamili na uzamifu, chuo chenyewe huamua kiwango, na vyuo vingi huweka krediti 9. Kozi ya mtandaoni inayohesabiwa katika kiwango hicho ni 1 tu kwa muhula, au krediti 3.

Ugumu hutokea pale mwanafunzi anapolemewa. Huenda nadharia za uhakiki zikamshinda katika muhula wa kwanza, au akaugua. Mwanafunzi wa Kenya aliyezoea kuacha kozi na kuirudia baadaye anaweza kuiondoa kozi katika ratiba yake bila kumwambia mtu, na hapo akashuka chini ya kiwango. Sheria inaruhusu mzigo upunguzwe kwa sababu za kitaaluma, za kiafya zilizothibitishwa na daktari, au katika muhula wa mwisho ambapo kozi zilizobaki ni chache. Hata hivyo, idhini ya afisa wa chuo ni lazima ipatikane kabla ya kozi kuondolewa. Tendo lilelile huwa halali au haramu kutegemea lililotangulia.

4.2 Taarifa

Mwanafunzi anayehama nyumba ana siku 10 za kukiarifu chuo anwani mpya. Anayebadilisha kozi kuu, kiwango cha shahada au chuo ana utaratibu wake wa kufuata. Anayeona kwamba tasnifu haitakamilika kwa wakati anapaswa kuomba I-20 iongezwe muda kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo. Jambo hili la mwisho linafaa kusisitizwa kwa watafiti wa fasihi, ambao ukusanyaji wa data nyanjani na uandishi huchukua muda mrefu kuliko ulivyokadiriwa. Msimamizi wa tasnifu anaweza kuwa radhi kusubiri, lakini I-20 haisubiri.

Aidha, kila mwaka mwanafunzi huwasilisha fomu ya 8843 kwa mamlaka ya kodi, hata kama hakupata mapato yoyote.

4.3 Safari

Mwanafunzi anayesafiri nje ya Marekani na kurejea huhitaji pasipoti isiyokaribia kuisha, viza ambayo haijaisha muda, na saini ya afisa wa chuo katika I-20 iliyotiwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Ikiwa viza imekwisha, itambidi aombe nyingine ubalozini akiwa nje. Anayekuja nyumbani Krismasi kwa harusi au kwa mazishi hana budi kuyahakiki mambo haya kabla ya kununua tikiti, kwa kuwa hakuna uhakika kwamba viza mpya itatolewa.

5.0 Kazi na Mtego wa Ukalimani

Kanuni za kazi kwa mwanafunzi wa F-1 ni kali kuliko zote. Anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwa muda kamili wakati wa likizo. Kazi ya kufundisha Kiswahili kama mwalimu msaidizi inahesabiwa katika saa hizo 20. Kwa hivyo, anayefundisha saa 20 hawezi kuongeza saa 5 za maktaba, hata kama maktaba imo ndani ya chuo hichohicho.

Nje ya chuo, kazi haifanywi bila idhini maalumu. Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapokabiliwa na mtihani ambao mwenzake wa kemia hakabiliwi nao. Wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamepewa makao Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Hospitali, shule na mahakama zinahitaji wakalimani.

Hebu ichukuliwe hali ya kubuni ya mwanafunzi wa uzamili aliye katika muhula wake wa pili, anayefundisha Kiswahili saa 20 kwa wiki. Usiku mmoja rafiki anampigia simu: kuna mama Mkongomani hospitalini ambaye hawezi kuwaeleza madaktari anachohisi. Mwanafunzi anaenda, anasaidia, mama anajifungua salama. Hakuna aliyelipwa, na hakuna anayeweza kuulaumu utu huo. Wiki inayofuata kampuni ya ukalimani inampata na kumwahidi malipo kwa kila saa, Jumamosi tu. Mwanafunzi anajiambia kwamba ni saa mbili, ni lugha yake mwenyewe, ni siku ya mapumziko, na nyumbani kuna mdogo wake anayesubiri karo ya shule. Anakubali.

Kila sababu aliyojipa ina uzito wa kibinadamu, lakini hakuna hata moja inayotambuliwa na kanuni. Kazi ya malipo nje ya chuo bila kibali ni ukiukaji, iwe ni saa 2 au 40, iwe ni Jumamosi au Jumatatu. Malipo huacha alama: akaunti ya benki, fomu ya kodi, jina katika orodha ya kampuni. Lililo zito zaidi ni kwamba mwanafunzi aliyefanya kazi bila kibali hufungiwa njia ya kuomba kurejeshewa hadhi ndani ya nchi. Makosa mengine yana tiba. Hili aghalabu halina.

Vipi kuhusu kujitolea? Kujitolea kwa kweli katika shirika la hisani kunakubalika. Hata hivyo, kazi ambayo kwa kawaida hulipiwa haibadiliki kuwa ya kujitolea kwa sababu tu mwenye kuifanya amekubali kutolipwa kwa sasa. Mwanafunzi anayetaka kuwasaidia wakimbizi mara kwa mara anapaswa kumweleza afisa wa chuo aina ya huduma na mahali itakapofanyiwa, kisha asubiri jibu.

Njia halali za kufanya kazi ya lugha zipo. Ya kwanza ni mafunzo ya vitendo ndani ya mtaala, yajulikanayo kama CPT. Kozi ya tafsiri yenye mafunzo ya nyanjani inaweza kumpa mwanafunzi nafasi hospitalini kwa idhini inayoandikwa katika I-20, pamoja na jina la mwajiri na tarehe. Kwa kawaida, hii huwezekana baada ya mwaka mmoja wa masomo, isipokuwa katika programu za shahada za juu ambazo mtaala wake unadai mafunzo hayo tangu mwanzo. Ya pili ni mafunzo ya hiari, OPT, ya hadi miezi 12, ambayo wengi huyatumia baada ya kuhitimu. Haya huhitaji kadi ya kibali kutoka idara ya uhamiaji, na mhitimu haruhusiwi kukaa bila kazi kwa zaidi ya siku 90 kwa jumla. Nyongeza ya miezi 24 inayosikika midomoni mwa wengi ni ya wahitimu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mhitimu wa fasihi ya Kiswahili asiipangie maisha. Ya tatu ni kibali kwa ajili ya dhiki ya kiuchumi isiyotarajiwa, ambacho huombwa baada ya mwaka mmoja wa masomo na huhitaji ushahidi.

6.0 Mwalimu Msaidizi wa Hadhi ya J-1

Anayekwenda kama mwalimu msaidizi wa lugha chini ya Fulbright hukaa kwa mwaka mmoja wa masomo, hufundisha kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na husoma angalau kozi 2 kwa muhula bila kutunukiwa shahada. Bima ya afya ni sharti la hadhi yake.

Lililo muhimu zaidi ni sharti la miaka 2. Aliye chini ya sharti hili hapaswi kupewa ukaazi wa kudumu wala baadhi ya viza za kazi nchini Marekani hadi aishi katika nchi yake kwa jumla ya miaka 2, au apate msamaha rasmi. Sharti hili halimzuii kuomba tena viza ya mwanafunzi, lakini halifutwi na kurudi huko kama mwanafunzi. Ndoa na raia wa Marekani pia hailifuti. Ni sharti linalopaswa kueleweka siku ya kutia saini mkataba, si siku ya kufungasha mizigo.

7.0 Hadhi Inapoyumba

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii inaelezea vyema mwenendo wa wanafunzi wengi waliopatwa na tatizo. Aliyefeli kozi huona haya. Aliyeishiwa na karo huogopa wazazi wasijue. Naye humwendea jirani aliyekaa miaka mingi badala ya kumwendea afisa wa chuo. Jirani ana nia njema, ila huenda uzoefu wake ni wa kanuni za zamani au wa hadhi nyingine kabisa.

Anayelazimika kuyaacha masomo akiomba idhini kwanza, kanuni zilizotumika kwa miaka mingi zimempa siku 15 za kuondoka. Anayemaliza masomo yake vizuri amepewa siku 60. Anayeacha kimya kimya hapewi hata siku moja. Aliyepoteza hadhi anaweza kuomba kurejeshewa, kwa kawaida ndani ya miezi 5, ikiwa ataonyesha kwamba chanzo kilikuwa nje ya uwezo wake na kwamba hakufanya kazi bila kibali.

Kuna hatari nyingine zisizohusiana na darasa. Mtu anayeomba leseni ya udereva anaweza kuulizwa kama angependa kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia akijibu ndiyo na kutia saini kwamba ni raia, amejitilia doa ambalo huenda lisifutike kamwe. Vilevile, bangi imehalalishwa na majimbo kadhaa, lakini uhamiaji unasimamiwa na sheria ya taifa zima, ambayo haiitambui ruhusa ya majimbo.

Ni haki pia kukiri kwamba si kila tatizo husababishwa na mwanafunzi. Mwezi Aprili 2025, kumbukumbu za maelfu ya wanafunzi wa kigeni zilifungwa ghafla katika SEVIS, baadhi kwa sababu ya makosa madogo ya zamani ambayo mahakama zilikuwa zimeyatupilia mbali. Kesi nyingi zilifunguliwa, na mwishoni mwa mwezi huohuo serikali ikaanza kuzirejesha. Waliokuwa na nakala za kila I-20, kila barua ya idhini na kila hati ya matokeo walikuwa na cha kumkabidhi wakili. Kuhifadhi nyaraka hakuzuii dhoruba, lakini humpa mtu pa kushika inapovuma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba kudumisha hadhi si suala la kuwa na tabia njema kwa jumla, bali ni suala la mpangilio wa matendo. Kupunguza kozi, kuongeza muda, kuhamia chuo kingine, kufanya kazi ya tafsiri: yote haya yanaweza kuwa halali, na yote yanaweza kumrudisha mtu nyumbani bila shahada. Tofauti ni kama ruhusa ilitangulia.

Idara za Kiswahili zina nafasi ya kusaidia. Wahadhiri wanaoandika barua za mapendekezo wanaweza pia kumuuliza mwanafunzi kama anaelewa tofauti kati ya F-1 na J-1. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuwaalika waliorejea waeleze yale yaliyowatatiza, si yale tu waliyoyafurahia. Isitoshe, wataalamu wa istilahi wana kazi ya kufanya, kwani mwanafunzi anayetumia neno moja, makaratasi, kwa mambo matano huona vigumu kujua ni lipi kati ya matano limeharibika.

Jembe bado lipo, na mgeni ataruhusiwa kulishika wakati wake ukifika. Alilo nalo la kufanya ni kumuuliza mwenyeji kwanza, na kuliweka jibu lake kwa maandishi.